Kadi Ndani ya Kijaluba



Mwezi uliopita alitujia ofisini mzee mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, mwenye mikarafuu aliyoirithi kwa babaake, akiwa na simu mkononi na miwani puani. Hakuja kuuliza bei ya magunia wala khabari ya majamvi. Alikuja na shauri la nyumbani kwake, na kwa kuwa shauri lenyewe laigusa kazi yetu kwa upande, tulimwomba ruhusa tuliandike hapa, naye akatukubalia kwa sharti la kutotajwa jina.

Kijana wake anakaa Marekani, katika jimbo la Ohio, na huko ameingiwa na mapenzi ya kukusanya kadi. Hizi ni kadi za karatasi ngumu, kiasi cha karata za kuchezea, zenye picha za wachezaji mpira au za viumbe wa hadithi za watoto, na watu wazima wenye akili zao wazinunua na kuziuza kwa fedha za kutisha. Kijana anazo kadi 60 anazoziona njema. Amemwomba babaake sehemu ya fedha za karafuu za msimu huu, apate kuzipeleka zote kwa kampuni ipangayo daraja. Kila kadi hutozwa kama dola 25, maana yake ni dola 1,500, mbali na gharama za kupeleka na kurudisha. Ameahidi kwamba zikirudi na madaraja yao, bei itakuwa mara kumi.

Mzee aliiweka simu juu ya meza, akasema: "Katibu, mwanangu, wewe umesoma skuli, nieleze. Kadi ni ile ile. Haikutiwa wino mpya wala haikuongezwa karatasi. Imekwenda, imetazamwa, imerudi. Hiyo bei imetoka wapi?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kumtosheleza. Tulimwambia atupe wiki mbili. Tumesoma, tumeuliza wanaojua, na sasa twaandika rai yetu, maana swali la mzee si dogo kama linavyosikilizana. Ni swali la kila mtu auzaye kitu kinachopangwa daraja, na sisi sote humu tu watu wa namna hiyo.

Kwanza asili ya kadi zenyewe. Wauza sigara wa Marekani walizitia ndani ya pakiti ili sigara zisipinde, na ili mnunuzi awe na hamu ya kurudi kununua nyingine. Baina ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitoa picha za wachezaji wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Mmoja katika wachezaji hao, Honus Wagner, picha yake iliondolewa mapema, na leo zahesabiwa kadi zake hamsini na kitu au sitini ulimwenguni mwote. Baadaye wauza chingamu wakaichukua desturi ile. Kampuni ya Topps ilitoa kadi zake mashuhuri mwaka 1952, na zile zilizokosa wanunuzi zilikaa ghalani hata mwaka 1960, zikapakiwa katika tishari na kutupwa baharini. Hayo aliyasimulia mwenyewe Sy Berger, mtu wa kampuni hiyo aliyeisimamia kazi ile ya kutupa. Ndani ya shehena ile zilikuwamo picha za mchezaji Mickey Mantle. Tafadhali likumbukeni jina hilo, maana tutalirudia.

Kwa miaka mingi kadi hizi ziliuzwa kwa maneno. Mtu aliye Boston alimwandikia mtu aliye Texas: ninayo kadi, ni mpya kabisa, haina doa. Mnunuzi hakuiona ila baada ya kulipa. Akiifungua bahasha hukuta pembe imelika, au mkunjo mwembamba ulio kama unywele, naye muuzaji asema, kwangu mimi huo ndio upya. Wahenga wetu wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi twayaheshimu maneno ya wahenga, lakini methali hii ilitungwa sokoni, mahali ambapo mnunuzi aona kwa macho yake na kugusa kwa mkono wake. Biashara ikiwa ya mbali, kizuri hakijiuzi. Kizuri na kibaya huja katika bahasha moja, na mnunuzi mwenye akili huvitolea vyote bei ya kibaya, asije akapata hasara.

Mtaalamu mmoja wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliliandika jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyokwisha tumika. Alionyesha kwamba muuzaji akijua siri ya gari lake na mnunuzi asiijue, mnunuzi huteremsha bei kwa khofu, na mwenye gari jema huona bora akae nalo, hata soko likabakiwa na mabovu. Kwa kazi hiyo alishirikishwa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Wakulima wa karafuu walilijua jambo hili zamani bila ya tuzo. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kuona karafuu zake nyekundu, kavu, zenye vichwa vyao, zikitolewa bei ya karafuu za jirani aliyechanganya makonyo?

Basi ndipo wakaja wapanga daraja. Walianza katika sarafu za kale: mwaka 1986 ilianza kazi huko Marekani kampuni ya PCGS ya kupima sarafu. Mwaka 1991 nduguye akazaliwa kwa ajili ya kadi, ndiyo kampuni inayoitwa PSA. Wakafuata SGC mwaka 1998 na Beckett mwaka 1999, na wengineo. Kazi yao ni hii. Mwenye kadi huipeleka kwa posta. Wakaguzi huitazama kwa kioo cha kukuza na kwa taa kali. Kwanza huhakikisha kwamba ni ya kweli na haikughushiwa wala haikukatwa. Kisha huangalia pembe zake nne, kingo zake, uso wake, na kama picha imekaa katikati ya karatasi au imeelemea upande. Katika PSA, kwa mfano, kadi ya daraja la 10 haitakiwi kupita kiasi cha 55 kwa 45 upande wa mbele. Kadi hupewa hesabu kutoka 1 mpaka 10, hutiwa ndani ya kijaluba cha plastiki kilichofungwa kisiweze kufunguliwa ila kwa kuvunjwa, na juu yake huandikwa jina, daraja na nambari. Nambari hiyo mtu yeyote aweza kuitafuta katika daftari la kampuni, na daftari hilo huonyesha pia ni kadi ngapi za namna ile zilizopata 10, ngapi 9, na kuendelea chini.

Sasa twaweza kumjibu mzee. Bei haikutoka katika kadi. Imetoka katika kuondoka kwa shaka. Zamani mnunuzi alikata sehemu ya bei kwa ajili ya khofu yake, na sehemu hiyo ilikuwa ikimpotea mwenye kadi njema. Mpanga daraja akiiondoa khofu, mwenye kadi njema hurudishiwa haki yake. Lakini hapa ndipo kijana wa mzee alipokosea, na wako wengi kama yeye. Daraja halizipandishi kadi zote. Daraja huzitenga. Kadi ya wastani, ambayo kabla ya kupimwa huenda mtu angeinunua kwa matumaini kwamba labda ni bora, ikirudi na 8 matumaini yamekwisha, na mara nyingi huuzwa kwa bei isiyofidia hata ada. Alichokinunua mwenyewe kwa dola zake 25 ni ushahidi dhidi ya mali yake.

Huko juu kabisa mambo ni mengine, nasi twakiri tulisoma mara mbili kabla ya kuamini. Kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyopewa daraja la 9 na PSA, iliuzwa Januari 2021 kwa dola milioni 5.2. Nyingine ya picha ile ile, iliyopewa 9.5 na SGC, iliuzwa mnadani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6, naye aliyeiuza alikuwa ameinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Mtu asiseme kwamba nusu ya daraja ndiyo iliyozaa milioni saba. Soko la 2021 si soko la 2022, na kampuni zilizopima ni mbili. Lakini kwamba daraja lina sehemu yake katika tofauti ile, hapana shaka.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kadi moja ya Pokémon inayoitwa Pikachu Illustrator, waliyopewa kama zawadi washindi wa mashindano ya kuchora huko Japani baina ya 1997 na 1998, nazo ziko kama 40 tu. Mwezi wa Julai 2021, katika mji wa Dubai, Mmarekani Logan Paul alinunua ile iliyokuwa peke yake kupata daraja la 10. Alitoa kadi yake ya namna hiyo hiyo, daraja la 9, iliyohesabiwa dola milioni 1.275, akaongeza juu yake dola milioni 4 taslimu. Zingatieni: picha ni ile ile, mchoraji ni yule yule, karatasi ni ile ile. Baina ya 9 na 10 pana dola milioni nne. Mtu akiweka kadi hizo mbili mbele yetu juu ya meza hii, twaamini sote hatutaweza kusema ipi ni ipi.

Hapo si shaka tu inayonunuliwa. Yanunuliwa pia fahari ya kuwa na kitu ambacho mwingine hana, na fahari haina mizani.

Wala mtu asidhani kwamba 10 ni dhamana ya bei. Kadi ya Michael Jordan, mchezaji wa mpira wa kikapu, iliyotolewa na kampuni ya Fleer mwaka 1986, ziko zaidi ya 300 zilizopata 10 kwa PSA, na zilizopata 9 ni maelfu. Mwishoni mwa Januari 2021, wakati watu wengi walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa maradhi na wamejaa hamu ya kununua, ziliuzwa mbili za daraja la 10 katika mnada mmoja, kila moja kwa dola 738,000. Katika miaka miwili iliyofuata nyingine za daraja lile lile ziliuzwa kwa dola 200,000 au karibu na hapo. Daraja halikushuka hata nukta moja. Vijaluba vilikuwa vimefungwa vile vile. Iliyoshuka ni hamu ya watu. Na kadi ya mchezaji Ken Griffey Jr. ya kampuni ya Upper Deck, mwaka 1989, zilichapwa nyingi mno, hata zile za daraja la 10 zimepita 4,000, na kwa hivyo haijakaribia hata kidogo bei ya Jordan. Daraja la kwanza la kitu kilichojaa kila mahali ni daraja la kwanza tu, si utajiri. Nasi hatuhitaji kufundishwa hilo na Wamarekani.

Tumefika sasa mahali tunapotaka kusimama kidogo, napo ni katika mpimaji mwenyewe. Yote tuliyoyasema yategemea jambo moja: kwamba yule anayepanga daraja hana lake katika uuzaji. Akiwa na lake, kijaluba ni plastiki tu.

Kampuni ya PSA katika kazi yake ilitoa cheti chenye nambari 1 kwa kadi ya Honus Wagner. Kadi hiyo ilikuwa imenunuliwa mwaka 1985 kwa dola 25,000 na mfanyabiashara aitwaye Bill Mastro. Mwaka 1991 iliuzwa katika mnada wa Sotheby's kwa dola 451,000, na walioinunua ni Wayne Gretzky, bingwa wa mpira wa magongo wa barafuni, na mwenzake Bruce McNall. PSA ikaipa daraja la 8, na hakuna Wagner mwingine aliyekuwa na daraja kama hilo. Tangu hapo bei ikapanda mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Na muda wote huo palikuwa na mnong'ono kwamba kadi ile ina kingo nzuri mno kwa umri wake. Mwaka 2013 Mastro alikiri mbele ya mahakama kwamba yeye mwenyewe alizikata kingo zake ili ionekane mpya. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20, kosa lake kubwa likiwa ni kupandisha bei za minada yake kwa wanunuzi wa uongo.

Kadi iliyokatwa, kwa kanuni za PSA wenyewe, haistahili kupewa daraja. Hiyo ndiyo iliyokuwa nambari ya kwanza katika daftari lao, yenye sifa kuliko zote, iliyolipa jina kampuni changa. Sisi hatusemi kwamba aliyepima alijua. Twasema kwamba kampuni iliyokuwa ikitafuta jina iliwekewa mezani kadi mashuhuri kuliko zote nchini, mali ya watu mashuhuri, na macho ya mtu katika hali hiyo huwa mepesi kuona uzuri. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, hata kama hakukusudia.

Wala hayakuishia hapo. Mwaka 2019 wakusanyaji wenyewe, watu wa kawaida wenye subira, walikaa wakalinganisha picha za kadi zilizouzwa zamani na picha za kadi zile zile zilipouzwa tena, wakagundua nyingi zilizokatwa kingo au kusafishwa, kisha zikapata madaraja ya juu kuliko ya mwanzo. Walioligundua jambo hilo si wakaguzi wanaolipwa. Ni wanunuzi.

Yako na mengine ambayo si uhalifu lakini hayatupendezi. La kwanza, ada ya kupima hufuata thamani ya kadi. Kadi ikipata daraja kubwa na thamani yake ikapita kiasi cha tabaka ile, kampuni humdai mwenyewe nyongeza. Maana yake mpimaji hupata zaidi akitoa daraja la juu. Huenda mkono wake hautetereki, lakini desturi yenyewe si njema. La pili, mwaka 2021 kampuni mama ya PSA ilinunuliwa na matajiri kwa dola milioni 850 hivi, na mwaka huo huo kampuni mama hiyo ikainunua nyumba ya mnada ya Goldin. Ikawa mwenye mizani na mwenye mnada ni mmoja, hata mwaka 2024 Goldin alipouzwa kwa eBay. Mwaka huo huo wa 2024 kampuni mama ile ikainunua SGC, mshindani wake. Mtu asiyeridhika na mzani wa kwanza akaenda wa pili, sasa akute mwenye mizani yote miwili ni yule yule.

La tatu ni la wakusanyaji wenyewe. Aliyepata 9 akaamini anastahili 10 huvunja kijaluba, akaipeleka kadi tena kama kwamba haijapata kupimwa. Mara nyingine hupata 10. Kadi haikubadilika, ila mkaguzi wa siku ile alikuwa mwingine, au alikuwa ameshiba. Na daftari likahesabu kadi mbili mahali palipo na moja. Twasema haya kwa upole, maana hata huku kwetu wako waliorudishwa mzani huu asubuhi wakapokewa mzani mwingine jioni kwa gunia lile lile, nao hawakupiga kelele.

Pamoja na hayo yote hatusemi kwamba kupanga daraja ni ubatili. La, hasha. Ubaya wa zamani, wa kila muuzaji kujisifia mwenyewe, ulikuwa mkubwa zaidi. Na wapima kadi wanayo mambo mawili ambayo sisi hatunayo, na twawaonea wivu. Daraja lao hukaa na kitu chenyewe, limefungwa pamoja nacho, lina nambari, na miaka 20 baadaye mtu aweza kusema, kadi hii hii siku ile ilipewa hili. Karafuu zetu zikishamwagwa katika ghala pamoja na za wengine hazina jina tena, na ushahidi wa mkulima umekwisha palepale. Jambo la pili ni kwamba mpima kadi, pamoja na kasoro zake zote, kwa kawaida si yeye anunuaye. Amelipwa ada yake, kadi inarudi kwa mwenyewe, mwenyewe aiuze anapotaka. Lakini pale ambapo anayepanga daraja ndiye huyo huyo atakayelipa bei ya daraja, kila daraja analoliteremsha ni faida yake, na hata akiwa mwadilifu kama walii, muuzaji hatalala kwa raha. Uadilifu wa mtu si kitu cha kutiwa lakiri.

Turudi kwa kijana wa Ohio, maana mzee alikuwa angali anatungoja. Tulimwandikia hesabu katika karatasi. Bei tulizotumia si za soko, ni za mfano. Tuseme kila kadi bila ya daraja yauzika kwa dola 30, basi 60 ni dola 1,800 mkononi. Tuseme tena ikipata 10 yauzika 120, ikipata 9 yauzika 45, na chini ya hapo 25. Sasa zikipelekwa zote, zikirudi 12 zina 10, na 28 zina 9, na 20 zina 8, mauzo ni 1,440 na 1,260 na 500, jumla dola 3,200. Kijana atashangilia. Toa ada ya 1,500. Zabaki 1,700. Amepungukiwa na dola mia moja, na gharama za posta bado hazijaguswa, na miezi ya kungoja haikuhesabiwa. Hapo mwaka 2021 kampuni ya PSA ilielemewa na mamilioni ya kadi hata ikasimamisha sehemu kubwa ya kazi zake, na watu wakangoja kadi zao huku soko linaanguka.

Lakini akizichagua. Akae nazo mchana penye mwanga, achukue kioo cha kukuza na rula, azitoe zote zenye pembe iliyolika na picha iliyoelemea, abakishe 10 tu asizoziona ila. Zikirudi 6 zina 10 na 4 zina 9, mauzo ni dola 900. Toa ada ya 250, zabaki 650, na kadi hizo bila ya daraja zingekuwa 300. Hiyo ni faida, nayo haikuletwa na kampuni. Imeletwa na macho ya kijana mwenyewe kabla ya kampuni. Kuchambua kwake ndiko kulikomlipa, kama mtu anayekaa barazani usiku na watoto wake akitoa makonyo kabla hajaanika.

Mzee aliisoma karatasi ile pole pole, kidole juu ya kila tarakimu. Akauliza, "Na yeye mwenyewe akikosea kuchagua?" Tukamjibu, atapoteza kidogo, si fedha za msimu. Akapiga simu pale pale ofisini. Kijana hakufurahi. Twadhani alitusikia sisi nyuma ya sauti ya babaake, kwani aliuliza ni nani aliyemfundisha maneno hayo. Mwisho walipatana dola 250, kwa masharti kwamba kijana ataleta picha za kadi zote kumi kabla hazijakwenda, mbele na nyuma, ili zikirudi ijulikane kama ndizo. Sharti hilo la picha hatukumfundisha sisi. Alilitoa mwenyewe, na twaliona ni bora kuliko yote tuliyomwandikia.

Alipoinuka kwenda zake alisimama mlangoni, akatukumbusha magunia yake mawili ya msimu uliopita: jamvi moja, jua moja, siku moja, mizani mmoja. Gunia moja lilipata daraja la kwanza, la pili likapewa la pili, na alipouliza sababu aliambiwa watu wengine wangoja nyuma yake. Akatuuliza kama ingewezekana mkulima awekewe konzi moja ya karafuu zake ndani ya chupa, itiwe lakiri na tarehe, mbele yake, kabla gunia halijamwagwa.

Hatukuwa na jibu la swali hilo pia. Tumeliandika katika ajenda ya mkutano wa wanachama, likiwa la tatu baada ya hesabu za mwaka na suala la majamvi. Wanaotaka kulisemea wafike mapema, maana mkutano uliopita tulivunja kikao kwa sala ya Alasiri tukiwa tungali katika jambo la pili.